Bahari ikichafuka, mguu wa boti unashushwa au unapandishwa? Juzi nusura tupinduke njia ya Mbudya

#1 Kijana wa Msasani
Wakuu, salaam.

Nina boti ya faiba futi 22. Injini ni ya petroli, V6 lita 4.3, imekaa ndani, na mguu wa MerCruiser Alpha umetokea nje kwa nyuma. Ni mtumba wa Uarabuni, ninayo mwezi wa saba sasa. Miaka yote nimeendesha hizi mashine za kubandika, stendraivu, yaani hii ya mguu, ndiyo ya kwanza.

Juzi tulitoka Msasani kwenda Mbudya, watu wazima watano na watoto wawili. Kusi limeanza kuvuma lakini ndani ya ghuba palikuwa shwari. Tulipotoka kwenye kinga ya Bongoyo mawimbi yakaanza kutufuata kwa nyuma, upande wa kulia kidogo. Nikakumbuka maneno ya aliyeniuzia: "Bahari ikichafuka shusha mguu wote, boti italala." Nikabonyeza kitufe mpaka mwisho.

Ikalala kweli. Wimbi la tatu au la nne liliponyanyua tezi (nyuma ya boti), omo (mbele) ikachimba, usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu mwingine, boti ikageuka kulia yenyewe mpaka tukakaa ubavu kwa wimbi. Maji yakaingia. Mtoto wa dada yangu akarushwa kutoka kiti cha mbele hadi sakafuni. Hakuumia, alhamdulillahi, ila tangu juzi silali vizuri.

Naomba wajuzi: ushauri ule ni sahihi au nilidanganywa? Na jambo la pili, wakati wa kurudi ndani ya ghuba, maji yametulia kabisa, boti ilikuwa inanesanesa, pua juu, pua chini, haitulii. Geji ya trimu ilikuwa katikati.

#2 Ngalawa Tupu
Poleni sana mkuu. Nimeweka kambi hapa, nasubiri wenye fani.

#3 Fundi Mguu
Pole mkuu. Hukudanganywa, ulipewa nusu ya ushauri.

Trimu ni pembe ya mguu. Ukiushusha, yaani ukiusogeza kuelekea chombo, propela inasukuma tezi juu na omo inashuka. Ukiutoa nje, omo inanyanyuka. Mawimbi yakija kwa MBELE, unashusha ili omo ikate wimbi badala ya kulirukia na kuanguka tumbo. Yakija kwa NYUMA ni kinyume chake. Wimbi tayari linanyanyua tezi, na wewe unazidi kuisukuma omo chini. Omo ikishazama inakuwa ndiyo usukani: boti inageukia pale omo inapotaka, na tezi inapita pembeni. Kitabu cha injini yako kinalitaja hili waziwazi, kwamba mguu ukishushwa kupita kiasi boti inaweza kugeuka ghafla upande wowote, hasa ikikutana na wimbi.

Kwa wimbi la nyuma nyanyua kidogo, omo iwe nyepesi. Usizidishe, maana juu ya mgongo wa wimbi propela itavuta hewa.

#4 Babu Tezi
Mwanangu, pole. Na Fundi, nakuheshimu, ila hapo umeupa mguu lawama isiyo yake yote.

Mimi nimekulia Mkokotoni. Mashua tulizoendesha hazikuwa na injini wala kitufe, na Kusi likikujia tezini kwa pembeni zilikuwa zikigeuka vilevile. Wimbi limetoka kulia nyuma, limesukuma tezi kushoto, omo itakwenda wapi kama si kulia? Kosa la kwanza ni mwendo. Ukilipita wimbi ukaanza kuteremka mbele yake, umekwisha. Unakaa mgongoni mwake, linakwenda nawe unakwenda. La pili, hujatwambia mizigo ulipanga wapi.

#5 Mwana wa Mtwapa
Habari za huko wadau. Naona Babu na Fundi wote wana point lakini kuna kitu wameruka. Boti iligeuka KULIA. Propela ya kawaida inazunguka kulia, na ukishusha mguu sana usukani unavuta kulia. Ukipandisha sana unavuta kushoto. Yangu hapa Mtwapa creek ilikuwa hivyo hata maji yakiwa kama kioo. Chini ya lile bati pana lililo juu ya propela kuna pezi dogo la zinki. Legeza bolti yake, kama boti inavuta kulia sogeza ncha yake ya nyuma kulia kidogo, kaza, jaribu tena.

#6 Sato wa Kirumba
Wakuu mimi niko Mwanza, nisaidieni. Hiyo trimu si yale mabati mawili yanayofungwa nyuma ya boti, kila upande moja? Boti moja hapa ziwani inayo, na nahodha wake anayaita trimu.

#7 Fundi Mguu
Sato, hapana, na wengi wanachanganya. Hapa kuna vitu vitatu vyenye jina linalofanana. Mguu wenyewe unapanda na kushuka, hiyo ndiyo trimu tunayoijadili. Mabati mawili nyuma yanasukuma tezi juu kila upande kivyake, yanasaidia hata kunyoosha boti iliyolalia upande mmoja. Na lile pezi la zinki la Mtwapa linarekebisha uvutaji wa usukani tu, omo hainyanyuki wala haishuki kwa sababu yake. Ukiwa na hayo mabati na wimbi liko nyuma, yapandishe yote mawili.

Na Mtwapa, uvutaji wa propela upo, nakubali. Ila ni uvutaji wa kushindana nao kwa mkono. Hauwezi peke yake kugeuza boti ya futi 22 mpaka ubavu.

#8 Mwana wa Mtwapa
Sikusema peke yake. Nimesema ulisaidia. Babu kasukuma tezi, wewe umechimba omo, mimi nimevuta usukani. Sote tulikuwa ndani ya hiyo boti.

#9 Dada wa Kilindoni
Nimecheka, lakini jambo lenyewe ni zito kwa sababu kulikuwa na watoto mbele.

Mimi napeleka wageni kuangalia papa potwe Mafia, boti yetu moja ni stendraivu. Kijana, nitakueleza ninavyofanya, wengine wataniongezea.

Naondoka mguu ukiwa chini kabisa. Kabla sijasukuma gesi naangalia nyuma mwenyewe kwa macho yangu, hakuna mtu majini wala kwenye ngazi. Nasema kwa sauti "kaeni, shikeni." Boti ikishapanda juu ya maji na kutulia, hapo ndipo naanza kuinua mguu. Kitufe sikikandamizi. Nabonyeza, nahesabu moja, naachia, nasubiri boti ijibu. Boti haijibu papo hapo, na aliyezoea mashine ndogo ya mkono anakosa subira, anabonyeza tena, na tena, ghafla omo iko mbinguni.

Geji siiangalii sana. Nasikiliza. Gesi sijaigusa lakini injini inapanda mizunguko yenyewe, usukani unakuwa mwepesi, na yale maji yanayoruka ubavuni, ambayo mwanzo yanachipuka karibu na kiti changu, yanarudi nyuma mpaka karibu na tezi. Hapo nimefika. Nikisikia injini inalia juu huku boti haiongezi mwendo, propela inakula hewa, nashusha kidogo. Ikinesa, nashusha kidogo. Kabla ya kona kali nashusha, kwa sababu kwenye kona boti inalala upande na propela inafika karibu na uso wa maji. Na mtoto hakai mbele ya usukani nje ya ghuba. Hilo kwangu halina mjadala.

Sasa hiyo geji yako ya katikati. Kile kifaa cha kuipa geji taarifa kinakaa ubavuni mwa mguu, ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana. Boti ya miaka mingi, mimi siiamini mpaka niipime.

#10 Kijana wa Msasani
Shikamoo Babu. Ahsanteni wote.

Mizigo: mbele kulikuwa na maboksi mawili ya barafu, nanga na mnyororo wake, na watoto. Tangi la mafuta liko katikati, lilikuwa nusu. Mwendo nadhani nilikuwa nalipita wimbi, Babu umenikamata.

Kuhusu kupima geji, nitaipandisha boti kwenye trela kesho. Kuna kitu sikusema. Mguu mara nyingine unakataa kupanda. Fundi aliyekuwa anaihudumia boti alinifundisha nifungue kifuniko cha injini, nigusishe bisibisi kwenye nguzo mbili za solenoidi (swichi ya umeme) ya pampu inayopandisha mguu, cheche inaruka, mguu unapanda. Nimefanya hivyo kama mara tano sita.

#11 Fundi Mguu
Mkuu SIMAMA. Usirudie tena, hata mara moja.

Injini yako ni ya petroli na imefungiwa ndani ya sanduku. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, pale chini usipopaona wala kunusa vizuri. Solenoidi na pampu viko humohumo. Cheche ya bisibisi mahali hapo ni kiberiti. Mashine ya kubandika iko nje, upepo unaichukua harufu, ndiyo maana mazoea yake hayahamishiki huku.

Kabla ya kuwasha: fungua kifuniko, nusa, washa feni ya kutoa hewa dakika 4 au 5, ndipo uwashe. Kila siku, hata ukiwa umechelewa na abiria wananung'unika.

Mguu ukikataa, anza na fyuzi, kutu kwenye vichwa vya betri, halafu oili ya pampu. Oili unaiangalia mguu ukiwa chini kabisa, ukiwa juu itakuonyesha imepungua wakati haijapungua, utajaza kupita kiasi. Solenoidi ikifa inabadilishwa.

#12 Mwana wa Mtwapa
Naongezea hapo kwa Fundi. Alternator na starter za gari pia zisiwekwe humo. Zinafanana kwa macho, bei ni nusu, bolti zinaingia. Lakini za boti zimezibwa cheche isitoke nje. Nimewahi kununua boti nikakuta starter ya pickup ndani. Niliitoa siku hiyohiyo.

#13 Ngalawa Tupu
Uzi ulianza na mawimbi, tumefika kwenye mlipuko. Endeleeni, sibanduki.

#14 Mbongo Tampa
Wakuu niko Florida, nafanya kazi kwenye gati. Nimesoma yote na hakuna aliyetaja kamba ya kuzimia injini. Boti ilipogeuka, Kijana mwenyewe angeweza kutupwa nje, na injini ingeendelea na wale watoto ndani. Huku Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 ni sheria kwa boti zilizo chini ya futi 26: ukiwa kwenye mwendo wa kupanda juu ya maji, na usukani hauko ndani ya chumba kilichofungwa, kamba iwe imefungwa mwilini mwako. Hata pasipo sheria, ifunge.

Na ukifanya kazi yoyote chini ya mguu ulioinuliwa, weka gogo la kuuzuia. Haidroliki ikivuja mguu unashuka wenyewe, na hautoi taarifa.

#15 Babu Tezi
Umenena, kijana wa Tampa. Sisi kamba tulifunga kwa ajili ya ndoo, sikufikiria ya nahodha.

Fundi, nami nina langu. Boti ya mkwe wangu imelala nangani siku zote, mguu kaupandisha juu usiote magamba ya baharini. Ni sawa?

#16 Fundi Mguu
Shikamoo Babu. Mimi nashusha. Kati ya mguu na chombo kuna mipira iliyokunjwakunjwa kama akodioni. Mguu ukikaa juu muda mrefu mipira inakaa imevutwa upande mmoja, inapata mikunjo na kupasuka mapema. Ukipasuka ule mpira mkubwa, maji yanaingia ndani ya chombo huku wewe umelala nyumbani.

#17 Dada wa Kilindoni
Hapa naomba tupingane. Mguu ukikaa chini kwetu Mafia, baada ya wiki chache zile fimbo zinazong'aa za haidroliki zinakuwa zimeota magamba. Siku ukiupandisha, magamba yanakwaruza sili, oili inaanza kutoka. Nimebadilisha sili kwa sababu hiyo. Na hata ukiupandisha, stendraivu haitoki yote majini, kwa hiyo Babu, mkwe wako anaokoa nusu tu. Mimi naupandisha, na mipira naikagua kila boti ikitoka majini.

#18 Fundi Mguu
Dada, sili inavuja oili, mpira unazamisha boti. Ningechagua kukwangua magamba.

#19 Sato wa Kirumba
Ziwani hatuna magamba hayo, tuna magugu maji. Yakijaa kwenye matundu ya kunyonyea maji ya kupoza, injini inachemka.

#20 Fundi Mguu
Sato umenikumbusha. Matundu hayo yako kwenye mguu. Ukipandisha mguu mno, yanafika juu ya maji, pampu inanyonya hewa na ule mpira wa pampu unaungua. Kwa hiyo kupandisha kuna mwisho, na mwisho huo kwenye mguu wako, Kijana, unawekwa na swichi maalumu. Kitufe cha trimu kikifika hapo kinakata. Kile kitufe kingine, cha trela, ndicho kinachoendelea juu zaidi, na hicho ni cha kwendea taratibu kwenye maji haba au kupandia trela. Kitabu cha yangu kinasema mguu ukiwa huko usizidishe mizunguko 1200 kwa dakika.

#21 Mbongo Tampa
Mguu wenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko wengi humu. Volvo Penta walionyesha wa kwao New York mwaka 1959, wazo la Jim Wynne aliyewahi kufanya kazi kwa Mercury, wenye MerCruiser. MerCruiser ikafuata 1961.

#22 Ngalawa Tupu
Kwa hiyo jamaa alitoka upande huu akawapelekea wale? Leteni stori.

#23 Dada wa Kilindoni
Fungua uzi mwingine mkuu, huyu ana watoto kwenye boti.

#24 Kijana wa Msasani
MREJESHO.

Boti iko kwenye trela tangu asubuhi. Kwanza plagi ya ngama: ilipofunguliwa yalitoka maji kwa muda mrefu mpaka kijana wa gati akaenda kuleta ndoo ya pili. Bilji pampu, ya kutoa maji ya ngama, inafanya kazi nikiiwasha kwa mkono, lakini kile kielea kinachoiwasha yenyewe kimekwama kwenye kipande cha sponji.

Geji: nimeweka mguu chini kabisa, sindano ikabaki katikati. Nikapandisha, ikasogea kidogo, ikarudi katikati. Dada, ulijua.

Sasa la ajabu. Nimebonyeza kitufe cha trimu tu, cha trela sijakigusa, na mguu ukapanda, ukapanda, ukapita pale ungetakiwa kukata, ukaenda mpaka juu kabisa. Nikafuata nyaya za ile swichi kwa ndani. Zimekatwa. Waya mbili zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, zimezungushiwa tepu nyeusi iliyoanza kubanduka. Si kazi ya juzi, tepu imeota kutu ya kijani ndani.

#25 Fundi Mguu
Swichi ilikufa, mguu ukawa haupandi, mtu akaiondoa kwenye mzunguko badala ya kununua nyingine. Nimeliona mara nyingi. Maana yake ulikuwa unaweza kuupandisha mguu ukiwa kwenye mwendo mkubwa mpaka ukatoka kwenye yale mashavu yanayoushikilia pembeni. Ukifika huko mguu hauna egemeo, unaweza kuyumba na usukani ukakupotea mkononi. Usishushe boti majini kabla haijafungwa mpya.

Na nadhani ndiko kunesanesa kwako. Ulipokuwa unarudi uliamini uko katikati, kumbe uko juu.

#26 Mwana wa Mtwapa
Inawezekana, lakini angalieni na tumbo la boti. Ikiwekwa kwenye trela yenye nguzo mbaya miaka mingi, faiba inapinda karibu na tezi. Ikivimba kwa nje boti itanesa hata trimu ikiwa sawa, ikibonyea ndani omo inashuka. Laza ubao mrefu ulionyooka chini ya tumbo, mita moja na nusu ya mwisho, uone kama kuna mwanga unapita.

#27 Babu Tezi
Mimi nimesikia ndoo mbili, mengine sikusoma. Hayo maji yalikuwa wapi ile juzi? Tezi iliponyanyuliwa na wimbi, yote yalikimbilia omo kwa pamoja. Maboksi ya barafu omo, nanga omo, watoto omo, na maji ya ngama omo. Hata ungekuwa na mguu wa dhahabu ungegeuka.

#28 Fundi Mguu
Babu, boti ikiwa imepanda juu ya maji, omo juu, maji ya ngama yanakaa tezini. Ndiyo hata kunesa kunaanzia hapo, tezi nzito.

#29 Babu Tezi
Mpaka wimbi liinyanyue, mwanangu. Maji hayana adabu ya kungoja.

#30 Dada wa Kilindoni
Kijana, ukishafunga swichi na kielea, nenda ndani ya ghuba asubuhi mapema, maji mafu, bila familia. Chukua mtu mmoja mzima, wote jaketi okozi, kamba ya kuzimia imefungwa. Maboksi yaache nyumbani. Safari ya kwanza mizigo katikati, ya pili uihamishie mbele, mwendo uleule, trimu uibonyeze kidogo kidogo kama nilivyokueleza. Bandika kipande cha tepu nyeupe kwenye fimbo ya haidroliki pale boti ilipotulia, ukitia nanga unaipima. Wimbi la nyuma usilitafute bado.

#31 Kijana wa Msasani
Ahsante Dada, nitafanya hivyo. Swichi nimeagiza, na kile kifaa cha kuipa geji taarifa pia, vinakuja pamoja. Ubao wa Mtwapa nimelaza jioni hii, kuna mwanga unapita upande wa kushoto, kama unene wa shilingi mia. Sijui kama ni mwingi.

#32 Mwana wa Mtwapa
Upande mmoja tu? Piga picha, weka na rula.

#33 Sato wa Kirumba
Wakati tunasubiri picha: Fundi, ile oili ya pampu ya trimu naweza kutumia ya injini ya kawaida?

#34 Fundi Mguu
10W-30 au 10W-40 kwa hii ya MerCruiser inakubalika. Ya Volvo soma kitabu chake kwanza. Na mguu uwe chini, Sato.